Upande Mbovu wa Lenzi

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Watu wote walimwita Sogea, kwa kuwa ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko mengine yote. "Sogea kidogo, shangazi. Sogea tena. Wewe mwenye tai, nenda kushoto." Wateja walidhani ni ufundi wa kupiga picha. Kumbe masikini alikuwa akificha ugonjwa wa lenzi yake.

Lenzi ile ilikuwa imekula harusi mpaka ikachoka. Ilivutwa na kurudishwa kila wikendi, ikapigwa vikumbo na wacheza muziki, ikabingirika kwenye mabuti ya teksi, hadi skrubu zikalegea na bomba lake likawa linacheza kama jino la mtoto. Akiinamisha kamera, bomba liliteremka lenyewe, hivyo akalibana kwa mpira wa nywele wa mkewe. Lakini balaa lenyewe lilikuwa upande wa kushoto wa picha. Kila aliyesimama huko alitoka ukungu mtupu.

Mtu mwenye akili zake angeipeleka kwa fundi. Sogea aliiona neema. Kulia aliwapanga watu wa maana, kushoto akawatupa wajuaji, walevi na wote waliomkera. Na aliyemkera kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, ambaye siku Sogea alipotambulishwa nyumbani alisema mbele za watu kwamba kubonyeza kitufe si kazi ya mwanamume. Tangu hapo, katika kila picha ya ukoo, mama huyo alikuwa ukungu uliovaa kilemba.

Sasa binti wa mwisho wa mama huyo alikuwa anaolewa.

"Mama anataka picha moja tu ya kutundika sebuleni," mke wa Sogea alisema huku akikunja nguo. "Hana binti mwingine wa kuozesha. Akitoka moshi tena, baba watoto, utalala na hiyo kamera yako."

Sogea aliona aibu. Mama mkwe alishazeeka, na ile hasira ilishapoa zamani, yamebaki mazoea tu. Akaenda kwa fundi wa kamera, naye akaifungua lenzi, akapuliza vumbi, akakaza skrubu.

"Imekazika. Ila ijaribu kwanza," fundi alimwambia.

Ajaribu nini? Kama imepona, vizuri. Kama haijapona, kulia ni salama. Sogea aliondoka akipiga mluzi.

Siku ya harusi, nje ya ukumbi, alimshika mama mkwe mkono kwa heshima zote, akamsimamisha kulia kabisa. Kushoto akamtupa shemeji yake mjuaji, anayefundisha kila mtu kazi. Akapiga. Alipoikuza picha kwenye kioo cha kamera, jasho likamtoka. Bomba lilikuwa limekazwa, ndiyo, ila limeinamia upande wa pili, na ukungu umehamia kulia. Shemeji alionekana hadi nywele za puani. Mama mkwe hakuwa na uso.

"Lete nione," mama mkwe akasema.

Akavaa miwani, akatazama kwa muda.

"Nilidhani ni macho yangu," alisema taratibu. "Miaka yote najitafuta kwenye picha za wanangu sijioni. Nimebadilisha miwani mpaka daktari amenichoka. Kumbe ni wewe?"

"Ni lenzi, mama. Ina upande mbovu."

"Na aliyenisimamisha upande mbovu ni nani?"

Shemeji akafungua kinywa, mama mkwe akamnyamazisha kwa kidole.

"Ni mimi, mama," Sogea akasema. "Nisamehe."

"Na katikati nako kuna ugonjwa?"

"Hapana, mama. Katikati haijawahi kusumbua."

Mama mkwe akamrudishia kamera, akaenda akawatenganisha bibi na bwana harusi kwa viwiko, akasimama baina yao, kidevu juu.

"Haya, piga. Hivi hata siku moja haikukujia akilini, mwanangu, kwamba na mimi naweza kukaa katikati?"

Sogea akainua kamera, akaishusha. Ilibidi awaombe watu wamsubiri, afute macho kwanza.