Siku Senene Ziliposhuka Kwenye Mbio za Nyika

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi huko kwenye vilima vya Muleba alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu, kisha akaniuliza kama najua kufuma. Nikamjibu kwamba chuoni nilisomea michezo.

"Basi wasichana wafundishe rede," akasema, "na kuruka kamba. Mbio ni za wavulana."

Nilikuwa mwalimu wa kike, mgeni, na nilihitaji kazi, kwa hiyo nikasema ndiyo, Mzee. Jioni ile ile nikawatoa wasichana nje, nikawakimbiza mpaka mtoni na kurudi. Kesho yake aliniita ofisini. Baada ya mwaka mmoja alichoka kuniita, akaomba nihamishwe.

Ninyi vijana mliozoea viwanja vyenye mistari, ngoja niwaeleze. Mbio za nyika hazina uwanja. Kwetu zilikimbiwa kwenye rweya, yale majani ya wazi yaliyo kati ya kijiji na kijiji. Mnashuka bondeni, mnavuka maji, mnapita kando ya vibanja, yale mashamba ya migomba ya watu, mnapanda tena. Njia tuliichora kwa majivu, na kila kona alisimama mwelekezi, yaani mtu wa kuonyesha wapi pa kupinda. Tena mshindi si mtu mmoja. Timu ni watu wanne, nafasi zao zinajumlishwa, na yenye jumla ndogo ndiyo inashinda. Wa nne asipofika hakuna timu, na watatu waliotangulia wamejichosha bure. Ndiyo maana mimi sikuwa namwangalia sana wa kwanza wangu. Nilimwangalia wa mwisho.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Redio ilituambia kila siku kwamba binadamu wote ni sawa, nami nikaamini, labda kuliko walivyotaka niamini. Shule yangu ya pili ilikuwa upande wa Rubya. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mtu wa amani mno. "Kimbiza unachotaka," aliniambia, "ila wazazi wakija juu, mimi sijui lolote." Hiyo ilinitosha. Nikaenda moja kwa moja kwa Afisa Elimu wa Wilaya kuomba wasichana waingie kwenye mashindano.

"Ndugu Mwalimu, wataanguka njiani, tutachekwa," akasema.

"Wakianguka wataamka."

Akacheka kidogo. "Haya. Lete wanne. Wote wanne wakimaliza, nawapeleka Bukoba kwenye mashindano ya mkoa. Mmoja akiishia njiani, sitaki kusikia tena habari za wasichana na nyika katika wilaya hii."

Nikashukuru, nikaondoka kabla hajabadili mawazo.

Watatu nilikuwa nao tayari, wasichana wa miguu mizuri. Wa nne alikuwa Leokadia. Kasi hakuwa nayo, lakini alikuwa na kichwa kigumu, na mimi kichwa kigumu nakijua nikikiona. Baba yake, Ta Laurenti, alimruhusu shingo upande. Nadhani alitumaini atashindwa mapema arudi kuteka maji.

Mashindano ya wilaya yaliangukia msimu wa mvua za mwisho wa mwaka. Asubuhi ilikuwa ya baridi, majani yamelowa. Wavulana na wasichana walianza pamoja, na mimi nikakata njia ya mkato kwenda kusimama kwenye kona ya mwisho, chini ya mlima. Hapo ndipo niliposikia ukelele kutoka vibanjani: "Nsenene! Nsenene!"

Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa inatembea. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, zilishuka kwenye rweya mpaka majani yakainama, na watu wakatoka majumbani na mabeseni, vibuyu, hata mashuka. Waelekezi wakaacha kona zao. Wavulana waliokuwa wanaongoza wakasimama, wakavua fulana, wakafunga mikono yake, wakaanza kujaza. Nilimwona Afisa Elimu mwenyewe amepiga magoti kwenye umande na suti yake ya ujamaa, mifuko inachezacheza.

Sasa, asiyejua mila yetu lazima aelewe jambo moja. Walioziokota senene ni wanawake, wakanyofoa mabawa na miguu, wakakaanga. Waliokula ni wanaume. Mwanamke hakula. Kwa hiyo siku senene zikishuka, msichana yeyote mwenye adabu aliacha alichokuwa anafanya, akainama kumwokotea baba yake.

Wasichana wangu watatu wakapita kwenye kona yangu wanahema, hawageuki. Nikaanza kumsubiri wa nne. Leokadia akatokea nyuma sana, akiwa peke yake, na pale pale Ta Laurenti akajitokeza mbele yake na kikapu.

"Leokadia! Simama uokote!"

Mtoto akapunguza mwendo. Moyo wangu ukasimama naye. Akamtazama baba, akatazama mlima.

"Tata, nanyi mna mikono!" akasema, akapita.

Watu wote pale wakaduwaa. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka siku mbili. Leokadia akapanda ule mlima, akamaliza. Wavulana wakafika baadaye kwa miguu, fulana zao zimejaa.

Afisa Elimu alijikung'uta majani magotini. "Nimeshasema," akasema. "Wanne wamemaliza, wanne watakwenda." Lakini Ta Laurenti naye alikuwa amefika. "Watakwenda watatu. Wangu amemalizana na mbio."

Mwalimu Mkuu wangu akanivuta pembeni. "Mwandikie huyo mzazi barua ya heshima, kisha kaa mbali. Watu wamekasirika."

Sikuandika barua. Jioni nilikwenda nyumbani kwa Ta Laurenti, nikakaa chini kwenye majani yaliyotandikwa sebuleni. Mkewe alikuwa pembeni na beseni lililofunikwa kanga, ananyofoa senene kimya kimya.

"Karibu, Mwalimu, waitu," Ta Laurenti akasema, kwa lile neno letu la heshima. "Lakini kama ni habari ya Bukoba, umepotea njia."

"Sijapotea. Ni hapa hapa nilipokuwa nakuja."

"Mtoto amenijibu mbele za watu."

Leokadia alipiga magoti bila kuambiwa. "Unisamehe, Tata, kwa nilivyosema. Kwa kukimbia siombi radhi."

"Umemsikia?" baba akaniuliza.

"Nimemsikia vizuri."

"Haendi."

Sikuinuka. Mgeni asipoinuka, mwenye nyumba hawezi kulala wala kula. Tukakaa hivyo, na nilikuwa tayari kukaa mpaka asubuhi. Ndipo mama Leokadia alipoacha kunyofoa. Akalisukuma beseni katikati ya chumba.

"Baba Leokadia," akasema, "tangu nije kwenye kibanja chako naokota, nanyofoa, nakaanga. Mgongo unaniuma toka asubuhi, na ladha yake siijui. Leo sinyofoi. Mtoto aende Bukoba, au hizi zioze."

Ta Laurenti alinitazama kana kwamba nilikuwa nimemfundisha mkewe maneno yale. Sikumfundisha. Ningejua anayaweza, ningekuja kwake mwanzoni. Mzee akavuta beseni, akafunua kanga ili anyofoe mwenyewe. Senene zikamrukia kifuani, kwenye ndevu, nyingine zikaingia kwenye shati. Akapambana nazo kwa muda, heshima yake yote ikaishia pale.

"Aende!" akapiga kelele. "Aende, lakini hizi zikaangwe!"

Zikakaangwa kwa mafuta yanayotoka kwenye senene zenyewe, na chumvi. Mama Leokadia akamtengea mumewe kwanza, kwa magoti, kama ilivyo desturi. Kisha akajaza kiganja cha binti yake. "Kula. Umekimbia." Akanijazia na mimi. Halafu akala yeye. Ta Laurenti alitutazama wanawake watatu tukitafuna ndani ya nyumba yake, kisha akavuta sahani yake karibu.

Bukoba hatukushinda. Wasichana wa shule za mjini walikuwa na mazoezi mengi, na Leokadia alifika wakati watu wanaanza kukunja viti. Lakini alifika, na jina la wilaya yetu likasomwa kwenye matokeo ya wasichana kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata shule nyingi za Muleba zilileta timu zao.

Nilihamishwa mara nyingi baada ya hapo, mpaka nikamalizia shule moja ya Bukoba. Wakubwa waliandika kwamba mimi ni mbishi. Waliandika kweli. Siku ya kuniaga, mgeni rasmi alinisifu kwamba nilikuwa mama mtiifu na mpole, nami nikainuka nikamsahihisha mbele ya keki. Hata leo wapo wazee wanaonilaumu kwamba niliharibu watoto wa watu. Nawaambia niitieni yule niliyemharibu, nimpongeze.

Nanyi walimu vijana mnaofundisha michezo sasa, nawaachia neno moja. Mzazi akikuambia binti yake hakimbii, usimwandikie barua. Nenda nyumbani kwake, kaa chini, na usiinuke.