Alfa ya Mjomba na Lancia ya Fundi Saa

Mjomba wangu ni fundi wa viti vya magari. Nimeshona naye miaka kumi na minne katika chumba kimoja chenye harufu ya gundi na ngozi, kwa hiyo nikimsifu usidhani nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni mbishi, hasikii la mtu, na mkono wake hauna mfano.

Alikuwa na gari, Alfa Romeo nyekundu, ya milango miwili, kuukuu kuliko mimi. Rafiki yake tunayemwita Fundi Saa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, ana Lancia ya kijivu ya umri uleule. Waliyakuta magari yote mawili kwenye ghala lililokuwa linabomolewa, panya wamezaa ndani ya viti, wakayaburuta nyumbani kwa kamba kabla hayajapelekwa kwenye vyuma chakavu. Walikuwa vijana wakati huo, hawajaoa. Miaka thelathini na moja sasa, na hawajapata mazungumzo mengine.

Fundi Saa alisema Lancia haiyumbi kwenye kona wala haipigi kelele. Mjomba alisema gari lisilopiga kelele ni friji. Fundi Saa alisema Alfa ni maringo matupu. Mjomba akamwambia ahesabu gia: za Alfa tano, za Lancia nne. Kila Jumapili asubuhi walipanda kwa zamu barabara ya mlimani, ya kwenda kwenye tangi la maji, mimi nikishika saa ya kupimia, na aliyeshindwa hakukosa kisingizio: upepo, petroli mbaya, mbuzi barabarani. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi wale hawakuwa washindani, walikuwa wabishi tu. Na hakuna aliyewahi kuendesha gari la mwenzake.

"Gari ni kama mswaki," Mjomba alisema. "Haliazimwi."

Alichokitaka ni kimoja: siku moja Fundi Saa afungue kinywa chake akiri kwamba Alfa ni bora. Nadhani angefurahi kuliko siku ya harusi yake, na mkewe mwenyewe alikuwa anasema hivyo hivyo.

Mwaka jana, nikiwa nafagia vipande vya sponji, niliona damu sakafuni. Niliifuata mpaka chini ya meza ya kukatia. Msumari wa kochi ulikuwa umezama kwenye kisigino cha kushoto cha Mjomba, na yeye anakata ngozi huku anapiga mluzi.

"Mjomba, mguu!"

Akautazama kama mguu wa jirani. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekula hisia zote, kuanzia kifundo kushuka chini. Alikuwa anajua kwa miezi mingi.

"Mficha maradhi kifo kitamuumbua," nilimwambia.

"Basi na kiniumbue. Ila Fundi Saa asijue. Niahidi."

Nikaahidi, na mpaka leo najilaumu kwa ahadi ile.

Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Jumapili iliyofuata gia zilisaga mpaka watu wakachungulia madirishani. Alfa ikazima mara mbili mlimani. Fundi Saa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Giaboksi imekufa hiyo! Nilikwambia miaka yote, uzuri wa nje tu."

Nilingoja Mjomba amrukie. Akainamisha kichwa. "Labda," akasema. "Labda imechoka."

Nilisikia uchungu. Mtu aliyewahi kususa chakula kwa sababu mtu kaikosoa rangi ya gari lile, leo anaacha lisingiziwe, ili tu asionekane yeye. Jumapili tatu mfululizo Alfa ilibeba lawama isiyo yake.

Jumapili ya nne, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mguu uliteleza kwenye klachi bila yeye kujua. Gari lilirukia mbele na kuzima hatua moja tu kutoka kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Yule mama alitutukana matusi yote anayoyajua, na yote yalikuwa haki yetu. Mjomba aliendesha taratibu mpaka chini ya mlima, akasimama.

Fundi Saa alikuwa anatufuata na Lancia yake, ameona yote. Safari hii hakucheka. Akashuka, akaja kunyoosha mkono dirishani petu.

"Nipe ufunguo. Giaboksi hiyo itaua mtu. Niisikilize mwenyewe, nijue imeharibika wapi."

Akikataa, atasema sababu gani? Mjomba alishuka polepole, akampa.

Tulibaki kando ya barabara, mimi na yeye. Alfa ikaondoka. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini, bila hata mkwaruzo. Mlima mzima tuliusikia, injini ikiimba kona baada ya kona. Mjomba alifumba macho.

"Unasikia?" akaniuliza. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka.

Fundi Saa alirudi, akazima injini, na hakushuka. Alikaa ameshika usukani. Kisha akatazama miguu ya Mjomba, mmoja, halafu mwingine, akaanza kulia bila aibu, mtu mzima yule.

"Yako ni bora, ndugu yangu," akasema. "Haina tatizo lolote. Ni bora kuliko yangu, na nilijua tangu siku ile ya kwanza."

"Sema tena."

Akasema tena, kwa sauti ya chini. Mjomba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

"Ufunguo baki nao," akamwambia. "Nipeleke nyumbani."

Akazunguka mpaka mlango wa abiria, akavuta kitasa, hakikufunguka. Akavuta tena kwa nguvu. Mlango ule lazima ukinyanyue kitasa kwanza. Tuliowahi kupanda upande ule sote tunajua. Yeye miaka yote alipandia upande wa usukani. Nikaenda nikamfungulia.