Blanketi Lililoshonwa Kidahwe

Mkasi unapokata kitenge huanza kwa kutafuna taratibu, kisha fundi akishaufuata uzi vizuri, huteleza moja kwa moja hadi mwisho kwa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi. Juzijuzi niliisikia sauti hiyo kwenye baraza la fundi mmoja Tunduma, mji ambako bado nilikuwa natafuta chumba cha kupanga. Nikasimama na begi langu begani kama mtu aliyeitwa jina. Nimehamahama sana maishani, lakini mkasi ukikata kitambaa mimi hurudi palepale: uani kwa bibi yangu, Kidahwe, kwenye mkeka, nikiwa na miaka tisa.

Niwaeleze kwanza tulivyokuwa tukiishi mtaani kwetu Katubuka. Mtu akiondoka mtaani, awe ameolewa mbali au amepata kazi, majirani wanawake walimshonea blanketi la vipande. Kila nyumba ilitoa nguo isiyovaliwa tena: kitenge kilichopauka, khanga iliyochanika, shati la mume lililoisha kola. Vipande viliunganishwa vikawa upande wa juu, katikati likalazwa blanketi kuukuu, chini vikawekwa vitambaa vya mifuko ya ngano. Kisha wakapiga mishono kutoka ukingo hadi ukingo kwa nyuzi zilizofumuliwa kwenye nyavu chakavu za wavuvi wa Katonga. Nyuzi hizo hazikukatika kirahisi, na hata ukizifua vipi hazikuacha kunuka dagaa. Aliyehama alikwenda kulala ugenini na ziwa puani.

Kazi hiyo haikufanyika mjini, kwa sababu mjini mwanamke hakuweza kunyoosha miguu bila mtu kumwita. Mara mume anatafuta soksi, mara mteja anagonga. Kwa hiyo walikwenda Kidahwe, kwa mama yake mama yangu, mwenye ua mpana na nyumba tulivu, wakakaa huko tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili. Walibeba samaki aina ya migebuka waliokaangwa, mawese kwenye chupa na maneno ya mwezi mzima.

Safari moja, nikiwa na miaka hiyo tisa, na mimi nilichukuliwa. Tulipanda lori lililokuwa likirudi Kasulu tupu kupitia Kidahwe, na nilifurahi mpaka nilipofungua begi letu kutafuta karanga. Ndani yake nikayaona magauni yangu yote.

Sasa, mtoto anayekwenda kutembea hubebewa gauni la kubadilisha tu. Binamu yangu Tatu ndiye aliyebebewa nguo zake zote, akaambiwa anakwenda kumsalimia shangazi, na tangu hapo tukawa tunamwona kwenye harusi tu. Nikaanza kuunganisha mambo. Baba alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie kutafuta kazi na habari zake zilikuwa zimekatika. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda Katonga kuanika dagaa, akiniacha peke yangu. Bibi kila tukikutana alilalamika kwamba hana mtu wa kumchotea maji. Na blanketi lilikuwa linashonwa, wakati mtaani sikusikia mtu anayehama.

"Hili ni la nani?" nilimuuliza Mama Siwema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"La mwenye baridi," alinijibu, wenzake wakacheka. "Nenda ukale, wewe."

Usiku huo nikapata wazo. Kama bibi alitaka msaidizi, basi mimi ningekuwa msaidizi asiyefaa kabisa.

Asubuhi bibi alinisalimu, "Mwakeye." Nikamwambia sijui Kiha, ingawa Kiha ndicho nilichogombezwa nacho tangu nizaliwe. Nikafagia ua kuelekea upepo unakotoka, vumbi lote likaishia kwenye chai ya wageni. Nikatumwa maji nikarudi na ndoo nusu na khanga ya bibi niliyojifunga imelowa. Bibi akamgeukia mama.

"Mwanangu, huyu uliyeniletea ni mzima kweli?"

"Katubuka alikuwa mzima," alisema mama, bila kuinua macho kwenye sindano.

*Uliyeniletea.* Neno hilo lilinithibitishia kwamba nilikuwa nimeshaletwa. Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa mkeka, sikuharibu kitu tena.

Nikiwa hapo niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama alikuwa amekaa. Miguu yake ilikuwa imenyooka juani, nyayo zenye nyufa za mchanga wa Katonga zimeelekea juu, na alikuwa anacheka. Mama Siwema, aliyejilaza amelalia mfuko mkubwa wa vipande kama mto, alikuwa akiigiza mumewe anavyotafuta kiberiti akiwa amekishika mkononi.

"Na ukimwonyesha?" aliuliza mama.

"Anauliza nani amekiweka hapo."

Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa kitenge alichokuwa akikishona. Kisha akaniona. Kicheko kikaisha polepole, na akaendelea kunitazama kana kwamba alikuwa ananipima nguo.

Alasiri blanketi lilibaki na pengo katikati, ukubwa wa sinia. Mama akasimama, akaingia ndani, akatoka na begi letu. Akavuta gauni langu la buluu lenye maua meupe, gauni nililolipenda kuliko yote, akaukamata mkasi na kulipasua kutoka shingoni hadi chini. Akachukua la pili. Akachukua la tatu, la mwisho. Ukasikika mkasi peke yake.

"Sasa huku atavaa nini?" aliuliza bibi.

"Alilovaa linamtosha hadi kesho," alisema mama. "Kesho tunarudi."

"Basi nitafutieni mwingine," alisema bibi, "anayejua kufagia."

Wakacheka tena, na mimi nikalia kwa sauti. Walinibembeleza wakidhani nalilia gauni la buluu. Kumbe nilikuwa nalia kwa nafuu, na usiku huo nilikula ugali wa muhogo na migebuka mpaka bibi akasema kumbe ugonjwa ulikuwa njaa. Jumapili nilimchotea maji mapipa yote bila kutumwa, nikamuaga kwa Kiha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba niliokolewa na upungufu wa vitambaa. Blanketi lilikaa sandukuni kwetu, halikupewa mtu. Nilipomaliza kidato cha nne na kupata kazi Mpanda, mama alilitoa akanitandikia magotini. Nikanusa ziwa, nikaona maua meupe pale katikati, na ndipo nikaukumbuka mfuko wa Mama Siwema, mfuko uliojaa vipande, ambao hakuna aliyeufungua siku ile.

"Mama," nilisema, "ulinipeleka kule kuniacha."

"Ndiyo," alisema.

"Sasa mbona ulinirudisha?"

Alikuwa anatafuta mshono uliofumuka, akaupata, akaubana kwa kidole gumba.

"Ungebakije," alisema, "na nguo huna?"