Ndege Iliyokuwa Ije Kesho

Katika siku zote za ujana wangu, mjukuu wangu, ipo moja ya mwezi wa Januari ambayo nikiikumbuka huwa naacha ninachokifanya. Ni siku ile Mzee Benedikto aliposhuka kwenye lori la kutoka Majimoto, akaja moja kwa moja ofisini kwetu kuuliza kama ndege ya kesho ipo. Nikamjibu, "Ipo, baba." Nilijibu haraka tena kwa tabasamu, maana siku hizo tabasamu lilikuwa sehemu ya kazi.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kukatisha tiketi za basi pale stendi. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Lakini kaa kidogo, weka simu yako chini, chai yenyewe bado haijachemka.

Nyie wa leo ndege ikipita juu ya Mpanda hamnyanyui hata shingo. Miaka ile ya tisini mambo yalikuwa mengine. Masika yakikolea barabara zilikuwa hazipitiki, na treni ilikuwa inajikokota mpaka ufike Tabora umesahau ulichoendea. Basi ikaja kampuni moja ndogo ya watu binafsi, ikaleta ndege yake mara mbili kwa wiki. Ilikuwa ndege ndogo, kiasi kwamba abiria naye alipandishwa kwenye mzani pamoja na mzigo wake. Kazi ya kupima ilikuwa yangu. Wafanyabiashara wenye vitambi walikuwa wakivua viatu ili wapungue, na wake za maofisa waliniomba nisitaje uzito wao kwa sauti. Nilivaa sketi ya buluu na skafu shingoni, na mji mzima uliniita Dada wa Ndege. Jina langu la ubatizo nilikuwa nalisikia nyumbani tu.

Niliipenda ile kazi, sitakuficha. Mpaka leo nautamani ule mngurumo. Ulianza kwa mbali, upande wa Tabora, ungedhani ni nyuki. Kisha mlinzi wa kiwanja anaruka kwenye baiskeli yake kwenda kuwafukuza ng'ombe kwenye njia ya ndege, watoto wa huku kwetu Misunkumilo wanakimbia, na mimi nanyoosha skafu yangu. Bwana Raymond, mkuu wa ofisi yetu, alikuwa ameniahidi kwamba nitahamishiwa Dar es Salaam, kwenye kaunta ya vioo yenye feni. Nilipalilia mahindi ya mama nikiwaza feni hiyo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mishahara ilianza kuchelewa, kisha ikaacha kuja. Kwenye simu ya upepo, makao makuu wakawa wanajibu neno moja tu, kwamba ndege iko kwenye matengenezo. Lori la mwenye mafuta likaja kiwanjani likabeba mapipa yote, mpaka yale yaliyojaa. Na rubani, katika safari yake ya mwisho, alitupa mkono mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Bwana Raymond akaniambia, "Wateja wakiuliza, waambie kesho. Wakisikia vingine watatuvamia." Kisha akapanda treni kwenda Tabora kufuatilia, akafuatilia mpaka leo.

Mwenye macho angeona, na mimi macho nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa na hamu, na hamu ikishakujaa huoni kingine. Nataka unielewe, mwanangu, sikuwa nasema uongo kwa ubaya. Niliitaka ile ndege ije kiasi kwamba kila asubuhi niliamini inakuja, na kila aliyeuliza nilimgawia imani hiyo.

Ndiyo hali aliyoikuta Mzee Benedikto. Alikuwa mkulima wa mpunga wa Majimoto, huko Mpimbwe, mrefu, amevaa koti la suti lililokuwa la mtu mnene kuliko yeye, shingo yote imevimba kwa mbung'o waliomla njia nzima mpaka Sitalike. Hapa mjini hakuwa na ndugu. Nikamwonea huruma, nikamchukua nyumbani kwa mama alale asubiri ndege.

Baada ya ugali akatueleza safari yake. Alikuwa na binti mmoja tu, Skolastika. Miaka mingi nyuma binti huyo alitaka kwenda utawani, na Mzee akakataa kabisa, kwa sababu alishakubaliana na rafiki yake kwamba atamwoza kwa kijana wake. Binti akaondoka kwa baraka za mama yake. Alipomnyooshea baba yake mkono wa kwaheri, Mzee aliuacha wake mfukoni. Mama mtu akafariki, na bado baba na mwana hawakuwa wameonana. Sasa paroko alikuwa ameleta ujumbe kwamba mwanzoni mwa Februari Skolastika anafunga nadhiri za daima huko Dar es Salaam, na kwamba wazazi ndio huwasindikiza watoto wao mpaka altareni. Baada ya hapo angetumwa kufanya kazi nchi ya mbali.

"Nataka nimsindikize mimi mwenyewe," akasema Mzee. "Ajue kwamba nimemtoa kwa moyo. Nikishafanya hilo, hata nikifa nimekufa vizuri."

Mama yangu alikuwa Mkonongo wa maneno machache. Akamuuliza, "Sasa Mzee wangu, treni si ipo wiki hii? Kwa nini usipande hiyo?"

Mzee akasema nyonga inamsumbua, na siku zote hizo kwenye kiti cha mbao zingemmaliza, ndiyo maana aliuza ng'ombe wake akakata tiketi ya ndege. Lakini kama hapana budi, atapanda. Kisha akanigeukia mimi. "Binti, wewe ndiye mtu wa ndege. Nisubiri, au nipande treni?"

Nikamwambia, "Subiri, baba. Subira yavuta heri."

Mama akanitazama, akasema, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Nikamkasirikia kweli, nikaona anaitia nuksi kazi yangu.

Kesho yake tulikwenda kiwanjani. Kulikuwa na mfanyabiashara wa asali, na mama mmoja mwenye miguu iliyovimba aliyekuwa akipelekwa hospitali kubwa, na ndugu zake wamemletea kiti. Tulisubiri mpaka jua likatuchoma wote, tukarudi. Nikawaambia kesho. Siku iliyofuata tukafanya vilevile. Ndugu za yule mama hawakunisikiliza tena, wakampakia kwenye lori, na namshukuru Mungu hawakunisikiliza.

Siku ya tatu Mzee akaamka mapema akamwambia mama, "Mgeni siku mbili, mama, ya tatu mpe jembe. Nipe kabla hujaniambia." Tukacheka sana. Kumbe hakuwa anatania. Alichukua jembe akaingia kwenye mahindi yetu, akapalilia tuta kwa tuta, taratibu kwa ajili ya ile nyonga. Kila alipokisikia kitu kinanguruma aliinua kichwa. Ikiwa ni lori, akainama. Ikiwa ni mashine ya kusaga, akainama. Na mimi niliyekuwa nimekaa kibarazani na sketi yangu ya buluu, niliinua kichwa pamoja naye.

Tulikuwa hivyo hivyo treni ilipopiga honi ya kuondoka. Mzee akasimama katikati ya mahindi. Alisikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa, kisha akanitazama mimi. Treni iliyofuata isingemfikisha kabla ya nadhiri, na hilo tulilijua wote wawili. Nikamwambia, "Kesho, baba. Kesho haikosi."

Alasiri ile ile mlinzi wa kiwanja akaja na baiskeli yake. Kuna jamaa alishuka kwenye hiyo treni akitokea Dar, amesimulia mjini kila kitu. Kampuni imefilisika. Ofisi kuu imefungwa kwa kufuli, wafanyakazi wamesimama nje na sare zao hawajui wamfuate nani, abiria wanapiga mlango na tiketi mkononi, na ndege yenyewe imekamatwa kwa madeni. Alisema hayo, akaniwekea ufunguo wa kiwanja miguuni, akakaa chini. Alikuwa mtu mzima yule, mwenye watoto saba, na machozi yalimtoka.

Na mimi nililia. Sitajipamba, nilianza kujililia mwenyewe, nikalilia na ile feni ya Dar es Salaam. Nilipofuta macho nikamwona Mzee Benedikto amesimama mbele yangu na jembe lake, udongo mpaka magotini.

Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Binti, ulikuwa unajua?"

"Sikuwa najua, baba. Naapa sikuwa najua."

"Basi ulikuwa hujui. Sasa mbona hukusema hujui? Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayekaa ofisini. Ungeniambia, 'Baba, mimi sijui,' ningepanda treni na nyonga yangu hii, muda huu niko njiani. Wewe ulinipa hamu yako, na mimi nikaipokea nikidhani ni habari. Hamu nilikuwa nayo ya kwangu, mwanangu, ilikuwa inanitosha."

Kukaripiwa kwa kelele nilikuwa nimezoea, maana dunia ina kelele nyingi, lakini maneno yale ya chinichini yaliniingia mpaka leo hayajatoka.

Mzee aliondoka na treni ya wiki iliyofuata, ingawa alijua kwamba hatawahi. Mlinzi wetu aliendelea kuwafukuza ng'ombe kiwanjani miezi na miezi bila mshahara, akisema ndege ikija isije ikakuta aibu. Mimi nilirudi kwenye jembe, baadaye nikaanza kuuza mchele sokoni, na ndiyo kazi iliyomlea mama yako na ndugu zake. Baada ya Pasaka nilipata lori nikaenda Majimoto kumwomba Mzee radhi. Nilimkuta shambani. Aliniambia kwamba alifika, akakuta nadhiri zimepita na Skolastika ameshasafiri. Masista walimweleza kwamba binti alisimama mlangoni mwa kanisa mpaka wimbo ukaanza, ndipo baba wa mtawa mwenzake akamshika na yeye upande wa pili, akawasindikiza wote wawili.

"Namshukuru yule bwana," Mzee akasema. "Sikuwahi kumjua hata jina." Akanipa miche ya mpunga nipandikize pembeni yake, na habari ile hatukuirudia tena.

Miaka ikapita. Mzee Benedikto akafariki bila kumwona mwanawe, maana huko alikotumwa Sista kulikuwa mbali, na ruhusa ya kuja haikupatikana upesi. Alipopata likizo alikuta kaburi. Alipita hapa Misunkumilo akaulizia nyumba ambayo baba yake aliwahi kufikia, wakamleta kwangu. Alikuwa mwanamke mpole, mrefu kama baba yake. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akaniuliza, "Dada, baba aliniandikia kwamba alichelewa, hakusema zaidi. Nilijua ni kwa sababu alisita. Alikuwa hajanikubali bado, sivyo?"

Mwanangu, Mzee alikuwa amenifichia kosa langu. Miaka yote hiyo alikubali mwanawe amdhanie vibaya, kuliko kutaja jina la msichana aliyekuwa akitamani ndege. Ningeweza kunyamaza, nani angejua?

Nikamwambia, "Sista, hakusita hata siku moja. Alifika hapa na siku za kutosha. Alitaka kupanda treni, na mimi ndiye niliyemwambia asubiri ndege ambayo sikujua kama itakuja."

Sista akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikimsamehe baba kwa kosa ambalo hakulifanya." Akalia, nikalia naye.

Basi sikiliza, wewe na wenzako mnaokaa kwenye kaunta za watu. Kampuni hufa, mwanangu. Hata zile zenye majengo marefu hufa, na ikifika siku hiyo wakubwa huondoka mapema, anabaki wa mlangoni. Mtu akija kukuuliza kama basi lipo, huyo hakuulizi wewe unatamani nini. Amebeba safari yake, na nyuma ya safari kuna mgonjwa, au arusi, au msiba, au mtoto anayemsubiri kanisani. Ukijua, mwambie unachojua. Usipojua, mwambie "sijui," halafu umwache achague njia yake akiwa bado ana muda. Neno hilo litakutia aibu kidogo tu, jioni umeshasahau. Na kazi yako ipende, sikukatazi, mimi mwenyewe yangu naitamani bado na uzee huu. Ila mapenzi yako kwa kazi yasimgharimu mtu mwingine.

Haya, kunywa chai yako. Mungu akulinde kwenye kazi yako hiyo mpya, akupe mabosi wanaolipa na wateja wenye subira. Kila utakayemkatia tiketi afike kwa wakati, akutane na wake wakiwa hai. Na siku utakayoulizwa jambo usilolijua, Mungu huyo huyo akufungue kinywa uliseme hivyo hivyo, mwanangu, mapema.