Mama Mukwe Juu ya Magunia ya Chumvi

Vijana wa siku hizi wakiniuliza gari ya mazut, yaani dizeli, ifanyweje ili inywe kidogo, wanangoja niwatajie filtre na pompi. Mimi ninawauliza kwanza: umeoa? Mama mukwe wako iko hai? Wanacheka. Wacheke. Kabla hawajazaliwa mimi nilikuwa shofere kati ya Kasongo na Kabambare, wakati wa Wabelgiji, na nilichojifunza njiani hakimo katika kitabu cha makanika yeyote.

Gari ilikuwa ya patro wangu, tajiri aliyeniajiri, Mgiriki mwenye duka karibu na soko la Kasongo. Magari yake mengine yote yalikuwa ya esanse, petroli. Hii kubwa ndiyo ya kwanza ya mazut, na ilipowashwa masufuria ya dukani yalitetemeka ukutani. Nilipopewa mimi nilivimba kichwa, siwezi kusema uongo. Kwenda tulipakia chumvi, sabuni na vikwembe vya wanawake kujifunga, kurudi mchele na pamba. Mazut yenyewe ilikuwa taabu kuipata. Mapipa yalitoka mbali kwa treni, yakavushwa Lualaba, na patro aliyalinda kuliko binti zake.

Kipimo chake kilikuwa kijiti. Alikikata kwenye mpera wa uani, akakichonga alama kwa kisu. Nikirudi kutoka Kabambare alikitumbukiza ndani ya tangi mbele ya watu wote wa duka, akakitoa na kukitazama kwenye jua. Mazut iliyobaki ikifika alama, vizuri. Kwangu haikufika hata safari moja. Patro akaniambia gari haina kiu, mwenye kiu ni mimi, na kwamba shofere mmoja wa Nyangwe anamwomba kazi ile kila akija sokoni. Na watu, unajua watu, wakaanza kunong'ona kwamba ninauza mazut njiani. Hilo liliniuma sana, maana sikuuza hata kibuyu kimoja.

Mazut ilikuwa inaishia kwenye salamu. Ile njia yote nilikuwa na watu wangu: shangazi hapa, rafiki wa tohara pale, kantonye, wale watengeneza barabara, waliosimamisha majembe wakiniona. Kupita bila kusimama ni matusi. Na kusimama ni kusimama kweli, maana salamu za kwetu haziishi kwa jambo. Utaulizwa mama, utaulizwa mihogo, utaulizwa ule mguu uliouma mwaka jana umefikia wapi. Kuzima mashine sikuthubutu, batri ilikuwa dhaifu na ingetaka kijiji kizima kuisukuma. Basi mimi ninaulizwa habari ya mguu, na mashine inanguruma pale pale inakunywa. Nikiondoka sasa ninaona nimechelewa, ninakanyaga mpaka chini, moshi mweusi unatoka, watoto wanashangilia. Mimi nilidhani moshi ndio nguvu. Kumbe ni mazut inapita bila kufanya kazi.

Nilijaribu dawa. Shofere mwenzangu mmoja wa esanse alinifundisha kuzima mashine kwenye mteremko na kuiacha gari iende yenyewe. Ilikwenda yenyewe, walahi. Nilikanyaga breki, na bila mashine breki ikawa ngumu kama jiwe, nikaingia na chumvi yote katika shamba la mihogo la mutu. Watu wa kijiji wakaja mbio, wakanikuta mzima, wakafurahi, wakaanza kunisalimia. Safari iliyofuata nikajaribu kupita vijijini nikitazama mbele kama askari. Kabla sijafika nyumbani, shangazi alikuwa ameshatuma habari kwamba tangu nipewe gari ya mazut nimeota pembe.

Katika shida ile ndipo mke wangu akaniambia, tukiwa tunakula, kwamba mama yake anataka kwenda Kabambare. Dada wa mke wangu kule alikuwa amezaa, na bibi lazima amwone mjukuu. Nikarudisha tonge sahanini.

Lazima uelewe. Mimi ni mutu wa mjini, wa familia za Kiislamu, lakini nilioa kwa wakulima wa upande wa mashamba, na kwao mukwe si mutu wa kuchezea. Mama mukwe humtazami usoni. Huli mbele yake, hupazi sauti akisikia, na ukikutana naye njiani, wewe mwanamume ndiye unayeingia majanini mpaka apite. Tangu nioe nilikuwa nimejificha katika majani ya kila aina. Sasa nimbebe.

Asubuhi nilijificha nyuma ya duka mpaka akapandishwa. Alitandika mkeka juu ya magunia ya chumvi, akaketi akiielekezea kabini mgongo, mimi nikaingia kwa mlango wa upande wa pili nimeinama. Tukaondoka.

Ile safari, Mungu wangu. Honi sikupiga, maana angesema ninampigia kelele. Mbuzi walilala barabarani, na mimi, niliyezoea kuwatukana mpaka babu zao, nilingoja waamke. Kukanyaga sana sikuweza: gari ikiruka na mama mukwe akaanguka, na nguo ikafunuka, ndoa yangu inaishia pale pale kwenye vumbi. Basi shimo nililiona tangu mbali, nikalegeza mguu mapema, gari ikajiendea pole pole, breki sikuzigusa. Mlima niliuanza taratibu, nikaupanda taratibu, moshi hakuna. Na kusimama? Nikisimama atataka kushuka anyooshe miguu, nami nitatafuta majani. Kwa hiyo shangazi aliponipungia mkono nilimwonyesha juu kwa kidole, naye akaona ni nani, akainamisha kichwa na kuniacha nipite.

Niliporudi naye Kasongo, patro akatumbukiza kijiti. Mazut ilikuwa imevuka alama. Akakitazama, akakinusa, kisha akakilamba, maana alifikiri nimeongeza maji. Akatema mate na kuniuliza nimefanya nini. Nikamjibu niliendesha vizuri tu.

Ningekuwa mutu wa maana ningeendelea vile. Lakini safari iliyofuata nilikuwa peke yangu, na katika kijiji cha kwanza rafiki yangu wa tohara alisimama njiani amefungua mikono. Sikio la kufa halisikii dawa. Kijiti kikatoka kikavu, na patro hakupiga kelele, jambo lililoniogopesha zaidi. Alisema safari inayofuata atapanda mwenyewe, na ikienda vibaya, funguo atampa mutu wa Nyangwe.

Nikamwambia mke wangu amwombe mama yake aende tena Kabambare. Akaniuliza kama dada yake amezaa tena. Nikamweleza yote, mpaka kijiti. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaenda. Mama mukwe alikubali. Alisema hata hivyo ana karanga za kuuza kule.

Siku ile mama mukwe alipandishwa mapema juu ya magunia, na patro, asiyemwona, alikaa pembeni yangu na kijiti chake magotini. Kijiji cha kwanza tukapita, cha pili tukapita. Akashindwa kuvumilia, akauliza mbona leo sipigi honi, sisimami, na kwa nini ninanong'ona. Nikainua kidole juu. Nikamweleza polepole nani amekaa pale na desturi iko namna gani. Patro akatazama juu. Kisha akavua kofia, akaiweka magotini, naye akaanza kunong'ona. Aliniambia kwamba mama wa mke wake yuko ng'ambo ya bahari, na kwamba watu wengi hufikiri yeye mwenyewe alikuja Kongo kutafuta mali tu.

Kijiti kilivuka alama, na gari ikabaki yangu. Watu wa dukani walioninong'onea wizi walikuja kunishika mkono, na mimi niliwaacha waushike sana. Patro alinipa kikwembe kizuri, akasema nimpelekee makanika wangu.

Nilifurahi, lakini pia nilikuwa nimechoka na majani. Kwao mke wangu desturi ile ina mlango: mukwe mwanamume akipeleka kikwembe na mbuzi, na mama akamla yule mbuzi, haya inaisha. Mnaweza kusalimiana, anaweza hata kukaa kabini. Nikatafuta mbuzi mnono, nikampa mke wangu avipeleke vyote, nikakaa nyuma ya ukuta wa nyumba ya mama yake kusikiliza.

Alikisifu kikwembe sana. Nikasikia akikikunjua, akijifunga, akiuliza kama kimemkaa. Halafu mke wangu akatoka amemshika mbuzi yule yule kwa kamba, amebana midomo asicheke, na nyuma yake sauti ya mama mukwe ikaja, ya juu, kwa sababu alijua kabisa nilipo:

"Mwambie bwana yako, mbuzi sitamla. Nikimla atanizoea. Na akinizoea, gari itaanza tena kunywa."