Karanga za Kupigia Kura

Enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, sisi wajumbe wa Nachingwea tulikutana kumteua mgombea wetu wa urais wa chama cha wakulima. Kila mjumbe alipewa punje moja ya karanga, aitie kwenye kapu la amtakaye. Mwalimu wa Ruangwa, tuliyemshangilia asubuhi nzima, alishindwa kwa punje mbili.

Bibi mmoja wa Kiegei alikuwa akifunga kitu kwenye pindo la kanga.

“Bibi, hukupiga kura?” mwalimu akamuuliza.

“Kura yangu ni yako, mwanangu. Lakini mbegu nono hivi niitupe kapuni, na mvua ndiyo hiyo?”

Wenzake wawili wakafungua viganja, nao walikuwa wameficha zao.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. “Zipandeni, mama zangu. Mwakani nagombea tena.”

Mimi nikapangusa midomo. Yangu nilikuwa nimeshaitafuna.