Rangi ya Mtoto wa Mtu

Nilikuwa nimeshaichagua printa kabla yule mama hajaja. Ilikuwa ya wino wa maji, upana wake inchi ishirini na nne, imetumika kidogo huko ilikotoka, na muuzaji wa Kilifi nilikuwa nimemshusha bei mpaka akaanza kuniita "ndugu yangu" kwa sauti ya mtu anayeibiwa. Hesabu nilikuwa nimeipiga mara mbili, kama kawaida yangu: picha za harusi, picha za matanga, na zile picha za bahari ambazo hoteli za Malindi huwatundikia Wataliano juu ya vitanda, wasije wakasahau wamefika wapi. Hesabu ilikubali. Kilichobaki ni kwenda kubeba mashine.

Ndipo mama mmoja kutoka Ganze akaingia dukani kwangu, pale Shella ya Malindi, na kitu amekifunga kwenye leso.

Akakifungulia juu ya meza. Ilikuwa picha niliyomchapia mimi kwa printa yangu ya zamani, siku za matanga ya mwanawe, kijana aliyekuwa fundi wa mabomba hotelini, akachukuliwa na homa. Waliitundika ukutani, mkabala wa mlango unaotazama mashariki. Jua la Ganze halina adabu, huingia bila hodi. Wekundu ulikuwa umetangulia kuondoka usoni, ukafuata weusi wa nywele, na kilichobaki kilikuwa kivuli cha kijani kilichovaa shati.

"Amenijia," akasema.

Nilidhani anamzungumzia mgeni wa nyumbani kwake. "Nani, mama?"

"Mwanangu. Huja usingizini akasimama mlangoni, haingii. Namuuliza, mbona huingii kwenu? Ananiambia, mama, utanifunguliaje na hunijui?" Akapapasa karatasi pale palipokuwa na macho. "Kwetu koma, roho ya aliyekufa, ikija kulalamika hupewa inachotaka. Wazee wetu wakija hulalamika baridi, wakachongewa kigango, nguzo yao ya mti, ikavishwa nguo, wakatulia. Huyu wangu ni kijana, kigango si chake. Yeye anataka uso."

"Nitakuchapia nyingine. Picha yenyewe ninayo kwenye kompyuta."

"Itadumu?"

Mtu akiniuliza bei nina majibu kumi, na yote yanaanzia juu. Hilo la kudumu nililijibu kwa kuigeuza ile karatasi nyuma na mbele.

"Nataka uso usioondoka kabla yangu," akasema. "Zaidi ya hapo sina haja. Mimi si msichana."

Nikarudi Kilifi. Muuzaji alikuwa ameshaifunga mashine yangu kwa kamba. "Ndugu yangu, umekuja kubeba?"

"Nimekuja kutazama tena."

Akanitazama kama baba aliyerudishiwa binti baada ya mahari kuliwa.

Kuta za duka lake zilijaa picha za mfano: kasuku, milima ya theluji, mwanamke wa Kizungu mwenye macho ya buluu. Kila printa duniani ni hodari kwa kasuku. Nikampa uso wa kijana kwenye flashi. "Nichapie huyu. Kwa mashine zote tatu."

"Huyu nani?"

"Mteja."

"Mbona hacheki?"

"Atacheka akisikia bei yako."

Ya kwanza ilikuwa ile yangu ya wino wa maji, unaozama ndani ya karatasi kama chai ndani ya mkate. Ya pili ilitumia wino wa chembe, ambao rangi yake hukaa juu ya karatasi kama vumbi lililofundishwa kutulia. Ya tatu nayo ilikuwa ya chembe, pana zaidi, ghali zaidi, na muuzaji alisimama kando yake kama bwana harusi. "Hii ina wino kumi na mbili."

Nikafunua kifuniko nikahesabu. Nikahesabu tena. "Nyeusi mbili, kijivu mbili. Hiyo ni rangi moja iliyokoga mara nne. Unanitoza kila josho?"

"Bwana wee, kijivu ndicho kivuli cha uso."

"Vivuli huku pwani tunapewa bure."

Hakucheka. Nyuso tatu zikatoka, nikazikunja, nikaenda nazo nyumbani.

Sikuamini maneno ya muuzaji, wala ya vitabu vya mashine. Vile huandikwa na watu ambao hawajaliona jua la msimu wa kaskazi. Nikazibandika picha zote tatu kwenye ubao darini, juu kabisa tunakoanika nguo. Kila uso nikaufunika nusu kwa kadibodi, nusu nikaiachia jua na hewa ya chumvi. Aliyekufa mara moja nikawa nimemweka huko mara tatu, kila mmoja na jicho moja wazi.

Mke wangu alipanda kuanika, akashuka na beseni la nguo mbichi.

"Umeweka watu gani huko juu?"

"Karatasi hizo."

"Karatasi haigeuki."

"Nani amegeuka?"

"Panda mwenyewe. Mimi na wanao tutavaa mbichi."

Nikapanda. Nyuso zilikuwa tatu. Nikahesabu mara ya pili, zikawa nne. Ya nne ilikuwa yangu, inanitazama kutoka kwenye maji ya tangi lililoachwa wazi. Nikahesabu mara ya tatu, jambo ambalo sifanyi hata benki, kisha nikafunika tangi. Niliposhuka mke wangu alinisogezea maji ya kunywa, na usiku ule taa ya ukumbini haikuzimwa.

Kaskazi ilipokwisha nikabandua kadibodi. Ya wino wa maji ilikuwa nusu ya mtu. Upande uliofunikwa ulikuwa na shavu na jicho. Wa pili ulikuwa karatasi tupu, na mpaka wake ulipita katikati ya mdomo, kama aliyeambiwa nyamaza akiwa bado anasema. Zile mbili za chembe zilisimama. Nikashukuru, na papo hapo moyo wangu ukakimbilia ile ya pili, ambayo ilikuwa nafuu. Nikampigia muuzaji, nikaanza kumshusha upya.

Mama alipokuja, nikamtandazia mezani nakala mbili safi alizonichapia muuzaji, moja kwa kila mashine ya chembe. Akaziinamia.

"Huyu ni nani?" Kidole kilikuwa kwenye ile nafuu.

"Ni yeye, mama."

"Huyu amepakwa majivu. Hivi ndivyo walivyonitolea hospitali." Akaisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono, akaisogeza ile ya kijivu mbili. Akakaa nayo. "Hapa chini ya jicho pana wekundu. Nikimkogesha ulikuwa unaonekana. Huyu anapumua."

Najua kuuza. Nikajikuta nampigia debe maiti. "Mtazame vizuri, mama. Ukiwa mbali hawatofautiani."

"Wewe ndiye uliye mbali," akasema. "Mimi nilimbeba."

Nikainunua ya tatu. Muuzaji hakushuka hata kidogo. Mtu akirudi kwa muuzaji yuleyule mara kwa mara, bei humjua.

Siku ya kuchapa mama alifika baada ya alasiri. Nilimwamkia mlangoni, "Shikamoo mama," akaniitikia marahaba, akaniulizia mke wangu, nikamkalisha kwenye benchi mbele ya mashine. Kichwa cha wino kikaanza kwenda na kurudi. Zikatoka nywele, likatoka paji la uso, zikatoka nyusi. Alipoona macho alijitengeneza leso kichwani. Ukatoka mdomo, na hapo mashine ikasimama kidogo, kama zinavyosimama kusafisha wino. Mama akainamisha kichwa upande, akaitegea mashine sikio.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.

Mimi sikuwa nimesema neno. Shikamoo yangu niliitoa mlangoni, moja tu, na jibu lake nilikuwa nimeshalipokea. Nikahesabu tena. Marahaba zilikuwa mbili.

Mama akajisogeza mpaka mwisho wa benchi, akapangusa kwa kiganja pale alipotoka, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Mashine ikaendelea. Nilikuwa nimesimama tangu adhuhuri na miguu iliniuma, lakini sikuketi pale.